Wigi la Mtihani

Mimi ni mtu wa nywele. Nilianza kusuka nikiwa darasa la sita, Morogoro, kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya shangazi. Nikafungua saluni, na saluni ikanifikisha Guangzhou, kwa Wachina, nilikokuwa nikinunua nywele kwa jumla na kuwapelekea wenye saluni wenzangu nyumbani. Kibanda changu kilikuwa ghorofa ya nne ya jengo moja la biashara pale barabara ya Huanshi Zhonglu. Ukinyoosha mikono miwili uligusa kuta zote mbili, na mawigi yalijaa kuanzia sakafuni hadi darini. Nilijivunia jambo moja tu, na nililitangaza kwa kila aliyenisikiliza: wigi nililolichagua mimi, hata mume wa mwenye kichwa halitambui. Majivuno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Mlango wa tatu kutoka kwangu palikuwa na ofisi ya Mturuki mmoja. Kwao alikuwa mwalimu wa historia mpaka alipostaafu, ndipo shemeji yake akamwomba aje kusimamia biashara ya vitambaa vya mapazia. Alikuwa mzee mwenye upara unaong'aa, ananyoa ndevu kila asubuhi na kufunga tai hata ile miezi ambayo joto la Guangzhou linakufanya utamani kuvua ngozi. Binti yake, msichana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa naye pale ofisini akimwandikia barua na kupanga sampuli. Binti alifunga hijabu. Mzee hakuipenda hijabu ile hata chembe, nami nilimtania kila mara: mtu anauza vitambaa kutwa, halafu kimoja tu kichwani mwa mwanawe kinamnyima usingizi.

Tulielewana kwa Kiingereza cha kuungaunga kilichochanganyika na Kichina cha sokoni. Binti aliniita abla, neno lao la dada mkubwa, nami nikamwita mdogo wangu. Sikuwa na ndugu mwingine mji ule.

Siku moja nilimuuliza kwa nini msichana mwenye akili kama zake anakata sampuli za mapazia. Akaniambia alikuwa anasomea ufamasia, yuko mwaka wa mwisho, akaacha kwa sababu chuo hakiruhusu kuingia na hijabu. Sikuelewa.

"Kwani ninyi si Waislamu?" nikamuuliza.

"Waislamu."

"Na hao wa serikali yenu?"

"Waislamu pia, abla."

"Basi nani kakufukuza?"

Akacheka, kicheko cha mtu aliyeulizwa swali hilo mpaka likamchosha. Akanieleza kwamba nchi yao ilipozaliwa upya, waasisi waliona dini imekaa muda mrefu mno kwenye kiti cha mtawala, wakaiteremsha, wakabadilisha sheria, mavazi, hata herufi za kuandikia. Wakasema mahali pa dola pawe pa dola peke yake. Na chuo kikuu, kwao, ni mahali pa dola. Mimi nikamwambia kwetu tulifundishwa kuwa serikali haina dini, watu ndio wenye dini, na kwamba shuleni kwetu tulikaa watatu dawati moja, mimi Mlutheri, wa pili Mkatoliki, wa tatu na ushungi wake mweupe, na ugomvi pekee tuliowahi kuwa nao kuhusu vichwa ulikuwa wa chawa. Alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaniuliza kama rafiki yangu wa ushungi alimaliza shule. Nikamwambia alimaliza, sasa ni muuguzi.

Mzee naye alikuwa na upande wake, na ningekuwa mnafiki nikisema haukuniingia. Alinisimulia akinimiminia chai kwenye bilauri zao zile nyembamba kiunoni.

"Mama yangu alizaliwa kijiji ambacho msichana hakuhesabiwa," alisema. "Dola ikajenga shule, ikaleta mwalimu mwanamke, kichwa wazi, akaenda kwa babu yangu akamwambia: mlete huyu mtoto asome, ni amri. Mama akajua kusoma. Bila amri ile mimi leo ningekuwa nyuma ya mbuzi."

"Na mama yako huyo huyo, bibi yangu, ndiye aliyenifundisha kusali," binti akasema.

"Nyumbani," akasema mzee.

"Nyumbani, baba. Kwa kitambaa chake kichwani."

Hawakupandishiana sauti. Kila mmoja alikuwa anamvuta yule bibi upande wake, na nilivyowatazama niliona kuwa wote wawili walikuwa wamemkumbuka tu. Mimi, kwa mdomo wangu usio na breki, nikauliza kama ni kweli niliyosikia kwamba maimamu wao wanalipwa mshahara na serikali na hotuba ya Ijumaa inatoka ofisini. Mzee akakiri. Nikamwambia, "Sasa hapo mmetenganisha nini? Huko ni kumwacha mke halafu unamfungia chumba cha uani na kumpelekea chakula." Binti alitemea chai kwenye bilauri. Mzee alininunia siku mbili nzima, na siku ya tatu akaniletea sahani ya vitafunio vyao vya asali.

Huo ulikuwa mwaka ambao Wachina waliandaa Olimpiki. Viza zikaanza kutolewa za siku thelathini thelathini, na wengine hata hizo hawakupata. Polisi walisimama mtaa wa Dengfeng wakikagua pasi, ukiwaona kwa mbali unageuza njia hata kama karatasi zako ni safi. Kikundi chetu cha sala cha Waswahili, kilichokuwa kinakutana Jumapili kwenye nyumba ya kupanga, kilivunjika baada ya mwenye nyumba kuonywa kuhusu mikusanyiko. Nikaanza kwenda kanisa kubwa, kwenye ibada ya wageni, ambako mlangoni unaonyesha pasi kuthibitisha kwamba wewe si raia ndipo uingie. Mara ya kwanza nilikasirika sana. Nilikuwa nimekuja kumwambia Mungu shida zangu, na mtu ananilinganisha sura na picha. Tangu siku hiyo, kila yule binti aliponieleza habari za lango la chuo chake, sikufanya mzaha tena.

Mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa amenijia mbio kibandani, akanikumbatia mpaka mawigi yakaanguka. Bunge lao lilikuwa limepitisha hijabu vyuoni. Alilia kwa furaha begani kwangu. Miezi michache baadaye mahakama yao ya katiba ikaifuta ruhusa ile, kwa kuwa inagusa msingi wa nchi. Siku hiyo hakuja. Nilimfuata ofisini nikamkuta anapanga sampuli za rangi ya zambarau, baba yake amekaa kwenye kiti chake anatazama ukuta. Aliyeshinda alikuwa mzee, lakini uso wake haukuwa wa mshindi.

Kisha ikaja habari nyingine kutoka kwao: waliokatiza masomo wanaruhusiwa kurudi wamalizie, ila masharti ya kichwa ni yale yale. Yeye alikuwa amebakiza mitihani mitatu. Mitatu tu, kisha angekuwa mfamasia.

"Abla," akaniambia, akiwa amesimama mlangoni kwangu, "nataka wigi."

Aliniambia wasichana wengi kwao hufanya hivyo. Nikavuta mlango chini, akatoa pini moja moja, akavua hijabu na kikofia cheupe cha ndani, akavikunja vizuri akaviweka mapajani. Nywele zake zilikuwa za rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ndefu, laini. Nilichukua futi ya fundi nikampima: paji la uso, kisogo, sikio hadi sikio. Nikamaliza kupima, lakini sikumwachia. Nikachukua kitana nikamchana taratibu, bila sababu yoyote, naye akafumba macho. Nilikuwa nimeshika maelfu ya nywele katika mji ule na zote zilikuwa za kwenye mifuko. Ilikuwa muda mrefu sijashika kichwa cha mtu ninayempenda.

Nikaamua kumpa zawadi. Nilikwenda kwa muuzaji wangu wa Kichina wa siku zote, nikachambua stoo yake asubuhi nzima, nikapata wigi moja ambalo nikilikumbuka mpaka leo natabasamu. Nywele za binadamu, zimefungwa kwa mkono unywele mmoja mmoja, rangi ile ile ya chai, hata mstari wa katikati unaonyesha ngozi. Nililileta limefungwa kwenye karatasi laini. Binti akalifungua, akalitazama, uso ukambadilika.

"Hizi ni nywele zangu," akasema.

"Ndiyo maana yake!"

"Abla, siwezi." Machozi yakaanza kumtoka.

Sitaficha, nilichukia. Nilimwambia wanawake wa Dar wangepigana kwa ajili ya kitu hicho. Akangoja nimalize kufoka, ndipo akanieleza, taratibu, akitafuta maneno.

"Mlinzi anataka kuona nywele. Basi nitampa nywele. Lakini kila anayenitazama ajue kwamba hizi si zangu, kwamba nimejifunika. Nikivaa hili ulilonipa, watu wataona nywele zangu. Nitakuwa nimevua."

Nilikaa chini juu ya furushi. Miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kuwafanya watu wadhani cha bandia ni cha kweli, na huyu anataka kinachopiga kelele kuwa ni cha bandia. Nilikuwa nimemletea wigi bora kuliko yote mjini, na kwake lilikuwa halifai kabisa. Nilimwomba radhi. Nikaliweka lile zuri kwenye droo.

Kesho yake tulikwenda wote wawili Liuhua, kwenye masoko yale ya kuzunguka stesheni ya treni, kutafuta wigi baya. Jaribu siku moja kumweleza muuzaji wa Kichina kwamba unataka bidhaa yake mbaya kuliko zote. Mama mmoja alituletea zuri, tukakataa, akaleta zuri zaidi. Nikamwambia hapana, baya, baya sana. "Mei you!" akasema kwa hasira, hakuna, na akapiga kifua kuonyesha kwamba duka lake ni la heshima. Binti alikuwa amejificha nyuma ya nguzo anacheka. Mwishowe tulilipata kwenye duka la nguo za maigizo: nailoni tupu, linang'aa kama sufuria mpya, limekatwa mbele kama ukingo wa ufagio. Alilipenda papo hapo, nami nikalirekebisha kwa vipimo vyake nilivyokuwa navyo.

Mzee alipoliona mezani ofisini, alisimama.

"Nimekusomesha ili uvae kinyago?"

"Umenisomesha ili nisome, baba."

Mzee alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za dharura mpaka jioni. Nilimpelekea maji, hakuyanywa. Aliniambia kwamba lango lile la chuo alilipita yeye mwenyewe akiwa kijana, wa kwanza katika ukoo wao, na alikuwa akiota tangu binti yake azaliwe kumwona analipita naye, kichwa juu. Lakini tiketi zilipokatwa, zilikuwa mbili.

Wakaondoka. Nilimwombea yule mtoto kila siku, mimi Mlutheri nikimwombea Mwislamu apite kwenye mlango wa Waislamu wenzake. Majuma yakapita bila habari.

Mzee alirudi peke yake. Alikuja mchana, siku ambayo polisi walikuwa wanapanda jengo letu ghorofa kwa ghorofa. Pasi yangu ilikuwa idara ya uhamiaji ikisubiri kuongezewa siku, nami nilikuwa na stakabadhi tu mkononi, kwa hiyo nilikuwa nimeshusha mlango wa bati hadi magotini na kujibanza ndani na wateja wawili, akina dada kutoka Nairobi. Tukasikia bati linagongwa polepole.

"Ni mimi, mwalimu."

Aliinama akapita chini ya bati, akaketi juu ya furushi, tai yake imelegea. Sikumsubiri apumue.

"Amefanya?"

"Wa kwanza amefanya," akasema. "Nilimsubiri nje kwenye benchi. Alitoka anakimbia."

"Na wa pili?"

Akavuta pumzi. Siku ya pili, pale langoni, binti aliinama kusaini kitabu. Wigi likateleza nyuma, na mlinzi akaona ukingo mweupe wa kikofia chembamba cha pamba ambacho yeye huvaa chini ya hijabu. Wakamwita ofisa, wakalichukua wigi, wakalitia kwenye droo.

"Nikawafuata," mzee akasema. "Nikawaambia mimi ni mwalimu. Nimewafundisha watoto wa nchi hii, miaka yote, kwamba lango hili ni lao. Walinijibu kwa adabu kabisa. Waliniita mwalimu. Walisema ni sheria." Alitazama viatu vyake. "Na sheria yenyewe naijua. Nimeitetea mezani kwangu, mbele yake, tangu akiwa mdogo. Alikuja akakaa nami kwenye benchi mpaka muda wa mtihani ukaisha. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu."

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimempima kichwa kitupu, kama ninavyompima kila mwanamke, kwa sababu kwetu wigi huvaliwa juu ya nywele. Haikunijia hata mara moja kwamba yeye atalivaa juu ya kikofia. Lilimbana, na kitu kinachobana hupanda. Fundi mwenye miaka ishirini kazini, nimemponza mtoto wa watu kwa kosa la mwanafunzi. Nilimwambia mzee hivyo hivyo bila kujitetea.

"Kuna mtihani wa marudio," akasema, "baada ya wiki mbili."

Nikafungua droo nikatoa lile zuri. Nikamwambia hili hakuna mlinzi duniani atakayelitambua, na alichukue bure. Mzee akalishika kwa mikono miwili, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye ule mstari wa katikati. Nilimwona anaona nywele za bintiye, ambazo pengine hakuwa ameziona nje ya nyumba tangu akiwa msichana mdogo.

"Lingepita," akasema.

"Lingepita, mzee wangu."

Akanirudishia. "Hatalivaa. Nipe yale mabaya, matatu, wakichukua moja abaki na mengine. Na usidhani nimegeuka. Bado naona amekosea. Lakini kichwa ni chake."

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimerudi Liuhua peke yangu baada ya wao kuondoka na kununua mengine kadhaa ya aina ile, sijui kwa nini, labda kwa kumkumbuka. Mitihani yote miwili iliyobaki aliifanya, nilikuja kuambiwa baadaye, akiwa na wigi lake, kwa kupitia geti la pembeni. Leo ana duka lake la dawa, na ile amri ya chuoni iliondolewa miaka iliyofuata, wakati mimi nimesharudi Morogoro. Lakini mchana ule hakuna aliyejua lolote kati ya hayo. Tulichojua ni kwamba polisi wapo ghorofa ya tatu, na kwamba sina kipimo sahihi cha kichwa kilichoko mbali.

"Nitajuaje ukubwa?" nikamuuliza.

Mzee akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatoa kikofia cheupe cha pamba, kimefuliwa na kukunjwa vizuri. Alikuwa amekiomba kwa binti yake, akasafiri nacho toka kwao.

"Kichwa chake ni changu," akasema. "Mama yake amelalamikia jambo hilo tangu siku aliyozaliwa."

Akakikunjua, akakivaa juu ya upara wake, akakivuta vizuri mpaka kwenye masikio. Kisha akachukua wigi la nailoni akalivaa juu yake, na ule ukingo wa ufagio ukamwangukia kwenye nyusi. Wale dada wa Nairobi walishindwa kujizuia. "Wueh, mzee, umeweza!" mmoja akasema huku akijiziba mdomo polisi wasisikie. Mzee hakucheka, wala hakukasirika. Alinyoosha shingo kama mtu anayepimwa suti.

"Pima," akaniambia. "Safari hii pima juu ya kikofia."

Nikaliinua wigi, nikazungusha futi juu ya kikofia. Machozi yalikuwa yananiziba macho, ikabidi nipime upya. Nikalegeza mpira wa nyuma kuachia nafasi ya nywele za binti, nikakaza kidogo pembeni, nikamvika tena, nikamwambia nadhani sasa limekaa. Mzee akasema kudhani hakutoshi. Akasimama, akaweka karatasi yangu ya oda juu ya furushi, akashika kalamu, na akainama kusaini, taratibu, kisha kwa haraka kama mtu aliyechelewa. Aliinama mara tatu. Halikusogea.